Historia ya Amri ya Kuorodhesha Vigeu vya Mazingira Kabla Kompyuta Haijawaka

Kompyuta yoyote inapowashwa, kazi ya kwanza hufanywa na programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu isiyopoteza maandishi yake umeme unapokatika, na kazi hiyo ni kuandaa kumbukumbu, kutafuta mfumo endeshi mahali ulipo na kuupakia ili ushike shughuli zote zinazofuata. Programu hiyo huitwa butiloda. Ili itimize wajibu wake, butiloda hulazimika kujua mambo ambayo haiwezi kuyabuni yenyewe: diski ipi itafutwe kwanza, mtumiaji anatazama skrini au yuko upande wa pili wa waya wa seriali, kadi ya mtandao ina anwani gani, na maelekezo gani yakabidhiwe kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, pale inapoachiwa usukani. Mambo hayo huwekwa katika vigeu vya mazingira, ambavyo ni jozi za jina na thamani zinazodumu hata mashine ikizimwa, na mtu aliyesimamisha uwashaji akafika kwenye mstari wa amri anaweza kuagiza vyote viorodheshwe mbele ya macho yake. Katika butiloda nyingi amri ya kufanya hivyo ni printenv. Nyuma ya amri hiyo fupi kuna safari ndefu ya mipangilio ya mashine kutoka kwenye swichi na namba tupu hadi kuwa maandishi yenye majina, na safari hiyo ilitegemea zaidi uamuzi wa wahandisi wachache kuliko maendeleo ya chipu, kwa kuwa kumbukumbu ya kuhifadhi mipangilio ilikuwepo miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiri kuipa lugha inayosomeka.

Katika kompyuta za PDP-11, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1970, mwendeshaji wa mashine isiyo na chipu ya kuwashia alipanga swichi za paneli ya mbele ili ziwakilishe anwani, akaingiza neno moja la programu, kisha akapanga tena kwa neno lililofuata, mpaka programu fupi ya kusomea utepe au diski ikakamilika kumbukumbuni. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Altair 8800 ya mwaka 1975. Hapakuwa na kitu cha kuorodhesha, kwa sababu mipangilio yote ilikuwa kichwani mwa mwendeshaji, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kabati, au katika vipande vidogo vya waya vilivyounganisha pini mbili za bodi.

Wazo la jozi za jina na thamani lilitoka upande mwingine kabisa, yaani katika mfumo endeshi wenyewe. Toleo la saba la Unix, lililotolewa na Bell Labs mwaka 1979 pamoja na programu ya kupokea amri iliyoandikwa na Stephen Bourne, liliiwezesha kila programu kurithi kutoka kwa programu iliyoianzisha orodha ya maandishi ya aina hiyo, na orodha hiyo ndiyo iliyoitwa mazingira. Februari ya mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Bill Joy aliandika programu fupi mno ambayo kazi yake pekee ilikuwa kuipitia orodha hiyo na kuichapa mstari baada ya mstari, na akaiita printenv. Programu hiyo haikuwa na uhusiano wowote na uwashaji wa kompyuta. Hata hivyo Joy alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Sun Microsystems mwaka 1982, na ni katika mashine za kampuni hiyo ambamo jina la programu yake lilikuja kuhamia kwenye chipu ya kuwashia.

Uhamisho huo haukuwa wa moja kwa moja, na mashine za Sun-3, zilizotoka mwaka 1985, zinaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokuwa kabla yake. Sun-3 ilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya kudumu iliyotunza mipangilio, na programu yake ya kuwashia ilikuwa na amri ya herufi moja, q, iliyoifungua chipu hiyo baiti kwa baiti. Aliyetaka kujua mashine inatumia kifaa gani cha kuonyeshea maandishi aliandika q ikifuatwa na 1f, yaani anwani ya baiti inayohusika kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, na mashine ikamjibu kwa namba yenye tarakimu mbili, kisha ikangoja aidha aandike thamani mpya au aendelee mbele. Jibu la 00 lilimaanisha skrini ya rangi mbili, na 10 lilimaanisha mlango wa kwanza wa seriali. Baiti ya 14 ilitunza kiasi cha kumbukumbu kilichofungwa ndani ya mashine. Taarifa zote zilikuwepo, zilidumu, na ziliweza kubadilishwa. Kilichokosekana ni maelezo, ambayo yalibaki katika kitabu cha kampuni, na fundi aliyekosa kitabu hicho alikuwa akitazama namba ambazo hakuna chochote katika mashine kingeweza kumfafanulia. Hapa ndipo tofauti kati ya kuonyesha na kueleza inapojidhihirisha, kwa kuwa Sun-3 ilionyesha kila kitu bila kumficha mtu, na bado mtu hakuelewa.

Mwaka 1989 Sun ilitoa SPARCstation 1, na ndani yake kulikuwa na programu ya kuwashia ya aina mpya iliyoitwa OpenBoot, iliyobuniwa na mhandisi Mitch Bradley. Bradley aliijenga juu ya Forth, lugha ya programu ya Charles Moore, ambayo ni ndogo kiasi cha kutosha ndani ya chipu lakini ina uwezo wa kupokea maneno mapya yanayotungwa na mtumiaji papo hapo. Sun haikuwatupa wateja wake wa zamani: mashine iliweza kufunguka kwanza kwenye alama ya zamani ya >, ambapo iliwaruhusu waandike b kwa kuwasha, c kwa kuendelea, au n kwa kuingia katika hali mpya, na uchaguzi wa alama ipi itangulie ulikuwa wenyewe kigeu mojawapo, sunmon-compat?, ambacho mkia wake wa alama ya kuuliza ulifuata desturi ya Forth ya kutambulisha vitu ambavyo jibu lake ni kweli au si kweli. Aliyeandika n alikutana na neno moja tu, ok, na hapo angeweza kuandika printenv.

Kilichotokea baada ya hapo kilikuwa kipya kwa watu waliozoea amri ya q. Skrini ilijaa safu tatu: ya kwanza ikiwa na majina ya vigeu, ya pili thamani zilizopo, na ya tatu thamani ambazo mashine ilitoka nazo kiwandani. Safu hiyo ya tatu inastahili kuzingatiwa kuliko zote, kwa kuwa ilimwezesha fundi aliyeitwa kwenye mashine asiyoifahamu kulinganisha safu mbili kwa jicho na kuona mara moja ni wapi mtu aliyemtangulia alipogusa. Kigeu cha boot-device kilitaja diski au mtandao wa kuwashia, auto-boot? kilieleza kama mashine iendelee yenyewe bila kungoja amri, input-device na output-device vilichukua nafasi ya ile baiti ya 1f, na diag-switch? kiliamua kama vipimo virefu vya vifaa vifanyike kabla ya kuwasha. Kigeu kimoja kinaweza kutazamwa peke yake kwa kuongeza jina lake baada ya amri, na kikarudishwa katika hali yake ya kiwandani kwa amri ya set-default. Na mtu akiharibu mambo kiasi cha skrini kubaki giza, alishikilia vitufe vya Stop na N wakati wa kuwasha, na vigeu vyote vikarejea kama vilivyozaliwa.

Sun haikuwa peke yake katika njia hiyo. Mashine zilizotumia prosesa za MIPS, zikiwemo zile za Silicon Graphics na DECstation za Digital, nazo zilikuwa na printenv na setenv katika programu zao za kuwashia, jambo linaloonyesha kwamba watu waliolelewa katika Unix walibeba msamiati wake popote walipokwenda kufanya kazi. Digital ilipotoa prosesa ya Alpha mwaka 1992 ilichagua neno show, na mwendeshaji aliyekaa mbele ya alama ya >>> aliweza kuandika show boot* ili aonyeshwe vigeu vyote vinavyoanza kwa herufi hizo, wepesi ambao OpenBoot haikuwa nao. Upande wa kompyuta binafsi za IBM mambo yalikwenda vingine: modeli ya AT ya mwaka 1984 ilikuwa na chipu ya saa yenye baiti 64 zilizolindwa kwa betri, 14 kati yake zikiwa za saa na zilizobaki za mipangilio, lakini baiti hizo zilifikiwa kupitia kurasa za kuchagua zilizotungwa na mtengenezaji, na hapakuwa na mstari wa amri wala majina ya kuorodhesha. Mamilioni ya watu walijifunza kompyuta kwa kurasa hizo, na pengine ndiyo sababu fikra ya kuzungumza na mashine kabla haijawaka imebaki ngeni kwa wengi.

Udumifu wa vigeu vya Sun ulikuwa na gharama iliyojitokeza miaka mingi baadaye. Vilitunzwa katika chipu yenye baiti 2,048 ambayo juu ya mgongo wake ilifunikwa betri ndogo ya lithiamu isiyoweza kubadilishwa, na betri hiyo ilikadiriwa kudumu takriban miaka kumi. Chipu hiyo haikubeba vigeu tu, bali pia anwani ya kadi ya mtandao na namba ya utambulisho ya mashine, ambayo baadhi ya programu za kulipia ziliitumia kuthibitisha kwamba zinaendeshwa pale ziliponunuliwa. Betri ilipokufa, mashine iliamka ikilalamika kwamba utambulisho wake si halali, anwani yake ya mtandao ikawa mfululizo wa ff, na mipangilio ikapotea kila ilipozimwa. Mafundi na wapenzi wa mashine hizo walijifunza kuikata kwa msumeno sehemu ya plastiki iliyofunika betri, kuunganisha betri ya nje kwa waya mbili, kisha kuandika upya anwani na namba ya utambulisho baiti kwa baiti kwa neno la Forth liitwalo mkp. Kwa kazi hiyo walirudi kwenye namba za msingi wa kumi na sita, kama enzi za amri ya q, lakini safari hii wakiwa na lugha kamili ya programu mikononi mwao.

Muundo wa Bradley ulifanywa kuwa kiwango rasmi cha taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1994, kwa namba 1275 na jina la Open Firmware, na Apple ikaupokea katika Power Macintosh zilizotumia nafasi za kadi za PCI kuanzia mwaka 1995. Mtu aliyewasha Macintosh ya aina hiyo huku ameshika vitufe vya Command, Option, O na F alifika mahali alipoweza kuandika printenv sawasawa na mwenzake wa Sun. Kiwango hicho hakikuhuishwa na baadaye kiliondolewa, na Apple yenyewe iliachana nacho ilipohamia prosesa za Intel mwaka 2006, ingawa amri ya nvram -p, ambayo huorodhesha vigeu hivyo kutoka ndani ya mfumo endeshi ulio hai, ilibaki.

Wakati Open Firmware inafifia, wazo lile lile lilikuwa likiota mizizi katika vifaa vidogo visivyo na skrini. Magnus Damm alikuwa ameandika programu ya kuwashia iitwayo 8xxROM kwa ajili ya prosesa za PowerPC za familia ya MPC8xx, zilizotumika sana katika vifaa vya mawasiliano. Mjerumani Wolfgang Denk aliipeleka kwenye ghala la programu huria la SourceForge, na kwa kuwa ghala hilo halikukubali jina linaloanza na tarakimu, ikaitwa PPCBoot. Toleo lake la kwanza la hadharani lilitoka Julai 2000. Novemba 2002, baada ya kuunganishwa na kazi iliyofanyika kwa prosesa za ARM na kuanza kubeba familia nyingine pia, ilibadilishwa jina kuwa U-Boot. Leo programu hiyo imo katika ruta za nyumbani, kamera, mashine za viwandani na bodi nyingi za kujifunzia, na kwa wahandisi wengi wa siku hizi printenv maana yake ni printenv ya U-Boot.

Namna ya kuifikia ni ya kifundi zaidi kuliko ile ya Sun. Kifaa hakina skrini wala kibodi, kwa hiyo fundi huunganisha waya wa seriali kwenye pini tatu za bodi, akaweka kasi ifaayo, mara nyingi biti 115,200 kwa sekunde, na kifaa kikiwaka huhesabu sekunde chache zilizowekwa katika kigeu cha bootdelay. Akibonyeza kitufe kabla hesabu haijaisha, hupata alama ya => na hapo huandika amri yake. Orodha inayotoka haina safu tatu za OpenBoot. Kila mstari una jina, alama ya sawa na thamani, na mstari wa mwisho hutaja baiti ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Lakini kilichomo ndani ya thamani ni kizito kuliko cha Sun, kwa sababu kigeu cha bootcmd hakitaji tu mahali pa kuwashia, bali hubeba mfululizo wa amri zenyewe zitakazotekelezwa, na mara nyingi amri hizo huita vigeu vingine kwa neno run. Orodha ya vigeu imekuwa programu, na kuisoma ni kusoma mpango mzima wa uwashaji.

Hapo ndipo amri ya kuorodhesha ilipopata kazi ambayo Bill Joy hakuifikiria. Mtu akiandika setenv bootcmd tftp 100000 uImage; bootm, akidhani ameweka amri mbili katika kigeu kimoja, nukta-mkato humsaliti: U-Boot huiona kama mwisho wa amri ya kwanza, huweka katika bootcmd sehemu ya tftp peke yake, kisha hutekeleza bootm palepale. Bodi huenda ikajaribu kuwaka na kushindwa, na mhandisi asiye na uzoefu atalaumu kerneli. Akiandika printenv bootcmd ataona amri moja pale alipotarajia mbili, na ataelewa kwamba nukta-mkato ilihitaji kutanguliwa na mkwaju wa nyuma au thamani yote kufungwa ndani ya alama za nukuu. Vivyo hivyo, alama ya dola mbele ya jina la kigeu inaweza kufasiriwa wakati wa kuandika badala ya wakati wa kuwasha, na orodha ndiyo inayoonyesha kama kilichohifadhiwa ni jina la kigeu au thamani kilichokuwa nayo siku ile.

Jambo moja limewatatiza watumiaji tangu mwanzo. Orodha inayochapwa ni ya nakala iliyo katika kumbukumbu ya muda, wala si ya ile iliyoandikwa katika chipu ya fleshi, na setenv hubadilisha nakala ya muda tu hadi mtu atakapoandika saveenv. Nakala ya kudumu huanza na baiti nne za namba ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na maandishi yote yanayofuata. Kifaa kinapowaka hukokotoa upya, na namba zisipolingana hutangaza kwamba mazingira ni mabovu na kwamba kitatumia yale ya asili yaliyofungwa ndani ya programu yenyewe. Kwa kuwa fleshi hufutwa kwa vipande vikubwa kabla ya kuandikwa, umeme ukikatika katikati ya saveenv huacha kipande kitupu, na kwa sababu hiyo iliongezwa njia ya kutunza nakala mbili zinazopokezana, kila moja ikiwa na baiti ya ziada ya kuitambua iliyo mpya.

Mwaka 2010 Denk aliandika upya sehemu hiyo ya U-Boot. Hadi hapo vigeu vilikaa katika ukanda mmoja wa maandishi, na kigeu kilichobadilishwa kilifutwa pale kilipokuwa na kuandikwa tena mwishoni, kwa hiyo msomaji makini aliweza kukisia ni vigeu vipi viliguswa karibuni kwa kuangalia mkia wa orodha. Muundo mpya wa jedwali la utafutaji ulifanya orodha ipangwe kwa alfabeti, na utafutaji ukawa wa haraka zaidi kwa bodi zenye mamia ya vigeu. Faida ni dhahiri, ila dalili ile ya mpangilio, ambayo ilikuwa sawa na nyayo za fundi aliyepita, ilipotea. Ulinzi wa vigeu viwili ulibaki: ethaddr, ambacho ni anwani ya kadi ya mtandao, na serial#, ambavyo kwa kawaida huandikwa mara moja kiwandani na havibadilishwi tena kwa amri ya kawaida.

Mlango unaomwonyesha mwenye kifaa mazingira yake humwonyesha pia mvamizi. Kwa kuongeza maneno machache katika bootargs, yaani maelekezo yanayokabidhiwa kerneli ya Linux, mtu mwenye waya wa seriali anaweza kuingia katika mfumo bila nywila. OpenBoot ililijua tatizo hilo mapema na ikaweka kigeu cha security-mode, ambacho katika daraja lake la kati huruhusu bila nywila kuwasha na kuendelea tu, na kufunga amri nyingine zote, printenv ikiwemo. Watengenezaji wengi wa ruta na kamera wa siku hizi wamekwenda mbali zaidi, ama kwa kuiweka bootdelay katika hali isiyompa mtu nafasi ya kubonyeza kitufe, ama kwa kuondoa mstari wa amri kabisa. Kufunga uandishi kuna sababu za kueleweka. Kufunga usomaji ni jambo jingine, na vifaa vingi vinavyoweza kutengenezeka huishia jalalani kwa kuwa hakuna anayeweza kuvisoma vinatafuta nini vinapokwama.

Mfano wa njia ya kati ulitoka kwa Bradley mwenyewe, ambaye Open Firmware yake ilitumika katika kompyuta ndogo ya XO ya mradi wa One Laptop per Child, iliyogawiwa kwa wanafunzi wa nchi kadhaa, Rwanda ikiwa miongoni mwa waliopokea nyingi zaidi barani Afrika kuanzia mwaka 2008. XO iliyofungwa kwa usalama haikumruhusu mtu kufika kwenye ok. Lakini mwenye kompyuta aliweza kuomba ufunguo wa msanidi uliotolewa kwa ajili ya mashine yake peke yake, na akishauweka, kubonyeza Esc wakati wa kuwasha kulimfikisha kwenye mstari wa amri. Hapo neno .mfg-data lilimwonyesha vitambulisho vyote ambavyo kiwanda kiliviandika katika chipu, kila kimoja kwa herufi mbili: SN kwa namba ya mashine, KM kwa aina ya kibodi, LO kwa lugha, na kile kilichoamua kama mashine imefungwa, ambacho kilisomeka wp ikiwa imefungwa na ww ikiwa imefunguliwa.